Ishirini na Tisa kwa Kumi na Moja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Matokeo yamefika! Mtihani wa pamoja wa darasa la nane, shule zote za serikali za upande huu wa Juba, uliotungwa na kusahihishwa na shirika moja la Kampala. Yameletwa asubuhi kwa bodaboda, ndani ya bahasha ya kaki, mvua ikinyesha. Aliyeipokea bahasha ni mimi. Si bahati. Nilikuwa nimesimama getini tangu kupambazuke nikijifanya nakagua sare.

Kuna mawili yanayotegemea karatasi hizi. La kwanza ni kiti cha mudir. Mwalimu mkuu wetu amestaafu karudi kwao Torit, na kile kiti chake chenye magurudumu kimebaki kitupu, feni ya sola inakipepea bure. La pili ndilo linaloninyima usingizi: binti yangu Ayen. Ofisi ya elimu itachagua watoto wachache wakasomeshwe sekondari ya bweni mwakani. Ada juu ya wafadhili, godoro juu ya wafadhili, hata sabuni. Kwa mshahara wa mwalimu, ambao huja ukijisikia, mimi sina njia nyingine. Ayen asipochaguliwa, masomo yake yanaishia hapa. Na yeye tayari ameshaanza kupanga nguo kwenye sanduku la bati.

Nafundisha Nane A. Nane B ni ya Madam Lilly, aliyekulia Arua huko Uganda, na ambaye huinua nyusi kila nikifungua mdomo. Ayen yuko kwake, kwa sababu ya ile kanuni ya kipuuzi kwamba mwalimu asimfundishe mwanawe. Mimi nimekulia Kakuma, nikamalizia Eldoret, nina cheti cha Kenya. Sina la kuongeza.

Nikajifungia stoo, nikafungua bahasha. Wastani wa Nane A: 29. Wastani wa Nane B: 11.

ISHIRINI NA TISA KWA KUMI NA MOJA! Kati ya ngapi? Haikuandikwa. Labda thelathini, labda arobaini. Kwani nani anajali? Nilirukaruka mle stoo mpaka maboksi ya chaki yakaniangukia kichwani, na sikusikia maumivu.

Halafu nikatafuta jina la Ayen. Sita. Wa mwisho Nane B, wa mwisho shule nzima. Nilikaa juu ya gunia la maharage. Mtoto anayesoma mpaka mama yake anamnyang'anya kitabu ili ale! Sita! Yule mwanamke ameniharibia mwanangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanza uchambuzi. Watu wanadhani kusoma matokeo ni kutazama nani wa kwanza na nani wa mwisho. Uvivu huo. Matokeo unayakalisha chini, unayabana, unayahoji mpaka yaseme yenyewe.

Wa kwanza darasani kwangu ni Chan, 35. Chan! Yule anayelala kuanzia somo la Hesabu mpaka kengele ya chakula. Yule ambaye mwezi jana nilimkuta ameshika kitabu cha Sayansi juu chini. Na Isaiah, profesa wetu, anayenisahihisha ubaoni mbele ya wenzake? 13. Mkiani kabisa! Nilicheka peke yangu ofisini hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Nilimwita Chan nikampa mkono. Akasema yeye aliandika jina lake tu, halafu akachora raksha ya magurudumu matatu, halafu usingizi ukamchukua. Unyenyekevu ulioje! Papo hapo nikamfanya kiranja badala ya Isaiah, nikamwagiza amfundishe Isaiah hesabu wakati wa mapumziko. Isaiah alilia. Chan naye alionekana kama anataka kulia, sijui kwa nini.

Kisha nikaweka matokeo kando ya rejista ya mahudhurio. Lo! Wanaotoroka shule ndio wenye alama kubwa. Wanaokuja kila siku, mvua ije jua liwake, ndio wenye alama ndogo. Nimehakikisha upya, hakuna shaka: kuhudhuria kunadhuru. Naandika ripoti. Napendekeza saa ya usingizi baada ya chakula, vitabu vipunguzwe, na mwanafunzi asiyekosa shule hata siku moja aitiwe mzazi. Hakuna mtu Juba hii aliyewahi kuligundua jambo hili, na mimi nimeligundua kabla ya chai.

Madam Lilly alikuja na kikombe chake, akaniuliza, mwalimu, hizo namba unasoma namna gani, maana kwetu Uganda... Nikamkata hapohapo. Nikamwambia namba hazina kwao. Akasema basi, mimi iko kimya, akaenda zake. Mtu aliyeshindwa utamjua tu kwa mwendo.

Jumatano, 10 Septemba

Nyumbani hakukaliki. Nilikuwa nimeazimia kumficha mke wangu Amou ile sita mpaka nipate maneno ya kumtuliza. Kumbe Lilly amekwishawagawia watoto alama zao! Nakaribia mlango, nasikia vigelegele. Naingia uani, Amou huyo, kajifunga kitenge kiunoni, anaruka, majirani wamejaa. Binti yake amepata sita! Sita, jamani, sita!

 Sijawahi kuona kejeli ya namna hii. Ama mke wangu amechanganyikiwa, ama ananisuta mbele ya mtaa mzima kwamba vichwa vizito ni vya upande wangu. Amou naye kakulia Uganda, kambi za Adjumani, na watu wa kule wana njia zao za kusema mambo. Akanitaka nichinje jogoo. Nikamuuliza, jogoo kwa sita? Akaniita bahili, mbele ya watu. Nikamwambia kama anasherehekea msiba basi achinje mwenyewe. Akachinja mwenyewe.

Jogoo alikuwa mtamu lakini nilimla kwa huzuni.

Jioni nikamwita Ayen pembeni. Nikamwambia asilie. Hakuwa analia. Nikamwambia dunia ina kazi nyingi za heshima, kuna ushonaji, kuna kupika chai pale Sherikat, madereva wa malori wanalipa vizuri. Nikamwambia baba anampenda hata kwa sita, hata angepata nne. Akasema, nne ingekuwa nzuri sana, baba. Maskini mwanangu! Amekata tamaa kiasi hicho! Nilimpapasa kichwa, nikageuka upande mwingine. Hapana. Baba hakai akatazama tu. Lazima nifanye kitu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya kitu.

Ofisi ya elimu inataka nakala ya alama zetu ili ichague wale wa bweni. Anayeipeleka ni nani? Mimi. Nikachukua kalamu nyeusi, nikashusha pumzi, na mbele ya ile 6 nikaweka 2. Mbili nzuri, yenye shingo, hata mwandishi wa vyeti angeionea wivu. Ishirini na sita. Sikuandika thelathini na sita, nisije nikaonekana mwenye tamaa. Na huku si kughushi. Huku ni kurekebisha uharibifu wa Lilly.

Ofisini nikamkuta Mkaguzi Emilio. Mzee mwema, kasomea Khartoum kwa Kiarabu tangu chekechea, na hukubaliana na mtu wa mwisho kuongea naye. Nikahakikisha wa mwisho ni mimi. Nikamweleza kwamba kiti cha mudir kisitolewe kwa kujuana, kitolewe kwa matokeo. Darasa la nane linaloongoza, mwalimu wake awe mudir. Linaloshindwa, mwalimu wake ateremshwe darasa la tatu. Bila rufaa. Emilio akasema tamam, yaani sawa, akauliza linaloongoza ni lipi. Nikamwambia asiwe na haraka, nitalifafanua Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi, na mgeni wa shirika la Kampala atakuwapo. Akagonga mhuri. Tok! Sauti tamu ajabu.

Tangazo nimelibandika mlango wa ofisi ya walimu. Madam Lilly alilisoma polepole, akarudi juu akalisoma tena. Akaniuliza kama kweli nataka hivyo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia. Akamwita Mwalimu Matiya wa michezo aje asikie, akaniuliza tena. Nikasema wallahi, na mimi ni Mkristo. Akasema haya, mimi iko sawa tu, akatia sahihi yake chini ya tangazo kwa kalamu yangu mwenyewe. Kidogo nimhurumie.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya chati. Nimetumia karatasi za manila. Nguzo ya Nane A ni ya kijani na imekuwa ndefu hata ikabidi niongeze manila juu yake. Nguzo ya Nane B ni nyekundu, ya kusikitisha, inafika magotini kwa mwenzake. Matiya alinishikia rula. Huyu tulikuwa naye Kakuma, mtu wangu kabisa, ila akasema kuna kitu hakimkai sawa: mbona Chan? Nikamwambia ndiyo maana yeye amepewa mpira.

Kisha nikakijaribu kiti cha mudir, kukipima tu. Kinazunguka! Nilizunguka nacho mpaka nikaona madirisha mengi kuliko yaliyopo, huku napanga mipango. Chai ya walimu itiwe maziwa. Picha yangu ukutani, ya ubavu. Lilly apewe darasa la tatu lile lenye paa linalovuja, atapata hewa safi.

Saa ya usingizi tumeianza leo kwa majaribio. Nane A nzima ilikoroma, ilikuwa raha kusikia. Isaiah peke yake alikataa kulala, eti anataka kumaliza zoezi la sehemu. Nikampa onyo la maandishi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nataka kuandika kwa utulivu. Siwezi!

Wazazi walijaa chini ya rakuba, lile banda letu la turubai. Mkaguzi Emilio mbele. Kando yake mgeni wa shirika, bibi mmoja Mganda mwenye miwani na sauti ya upole. Amou mstari wa kwanza na kitenge chake kipya. Madam Lilly nyuma kabisa, anamenya karanga.

Nikaifunua chati. Wazazi waliokulia Kenya wakapiga makofi. Wazazi waliokulia Uganda wakacheka, wakapiga makofi zaidi, wengine wakashikana mabega. Nikajua nimewakuna wote. Nikasoma ripoti yangu yote, usingizi, vitabu, hatari za mahudhurio. Nikasema Nane B inahitaji maombi. Nikamsimamisha Chan kama mfano kwa taifa. Chan akaangua kilio. Nikawaambia wazazi ni furaha.

Ndipo bibi wa shirika akaomba neno. Akasema labda hawakueleza vizuri, na anaomba radhi kwa hilo. Wao huhesabu kama Uganda. Katika kila somo, aliyefanya vizuri kabisa hupewa moja, aliyeanguka kabisa hupewa tisa. Masomo ni manne, namba zinajumlishwa. Kwa hiyo mtoto bora kuliko wote anapata nne. Mtoto aliyeshindwa kila kitu anapata thelathini na sita. Namba ikiwa ndogo ndiyo heri. Halafu akauliza, kwa adabu iliyozidi kiasi, kama ile chati inaweza kugeuzwa juu chini. Na Matiya, fala yule, akakimbia kuigeuza!

 Kicheko kililipuka, na naamini watu wa mtaa wa Juba Na Bari walikisikia huko mtoni.

Emilio akatoa mfukoni lile tangazo langu lenye mhuri. Akalisoma lote, neno kwa neno, na pale pa "bila rufaa" akapasoma mara mbili maana palimpendeza. Kisha akampa Lilly mkono wa hongera: mabruk, ya mudira. Akanigeukia mimi: mabruk, darasa la tatu. Sidhani alikuwa anakejeli. Kwake kila uteuzi ni mabruk. Lilly hakucheka, na afadhali angecheka.

Nilikuwa bado natafuta pa kuficha uso wakati Amou alipopiga vigelegele. Alikuwa anawaambia wenzake wa mstari wa mbele kwamba sita ile ni ya binti yake, wa kwanza shule nzima. Hapo ndipo nikakumbuka. Ayen ndiye wa kwanza. Na mimi baba yake, kwa mkono wangu huu, nimempelekea ofisini ishirini na sita. Nikakaa pale pale kwenye matope na suruali yangu ya mkutano.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Mchungaji amewaombea wanafunzi, akamtaja Ayen kwa jina, waumini wakasema amina kwa nguvu. Amou akanishika mkono, mara ya kwanza tangu vita vya jogoo. Akaninong'oneza kwamba ananisamehe, sasa ameelewa kwamba sikuwa bahili, nilikuwa mjinga tu. Mkono wangu ulilowa jasho mpaka akaufuta kwa leso.

Sijamwambia kuhusu ile mbili. Nimwambieje? Nitanyamaza, kesho nitarekebisha kimyakimya. Kurekebisha ndiyo kazi ninayoiweza.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimenunua wembe hapa dukani mtaani kwetu, Mauna. Mpango: niingie ofisi ya elimu kama ninayekuja kusalimu, niitoe ile karatasi kwenye faili, niikwangue mbili taratibu, nirudishe, niage. Mtoto mdogo angeweza.

Emilio alitoka kwenda kunywa kahawa kwa mama wa jebena, yule wa birika la udongo. Nikafungua faili, nikaanza kukwangua. Ubaya ni kwamba nilitumia wino mzuri. Hautoki! Nikakandamiza. Wembe ukapenya. Sasa mbele ya sita hapakuwa na mbili, palikuwa na tundu, na ndani ya tundu lilionekana jina la mtoto wa shule nyingine kwenye karatasi ya chini. Nikatema chingamu niliyokuwa natafuna nikaziba nayo. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ile sita yenyewe ikabanduka ikaja na kidole.

Emilio akarudi. Nikamwambia nilikuwa nakagua ubora wa karatasi zao. Akasema tamam. Lakini karani wake, kijana mmoja mwenye roho mbaya, aliichukua karatasi akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama kupitia tundu. Nikaaga haraka.

Jumanne, 16 Septemba

Orodha ya wale wa bweni imebandikwa. Jina la Ayen halimo.

Nilikimbilia ofisini. Karani akasema mstari ule hausomeki, na mstari usiosomeka kwao ni sawa na mtoto ambaye hakufanya mtihani. Nikamwambia huo ni upuuzi wa hali ya juu. Akaniuliza kama ningependa amtaje aliyeutoboa. Nikasema malesh, samahani, nikaondoka.

Ayen hakulia. Alikwenda akafungua lile sanduku la bati, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzitundika tena kwenye kamba. Gauni la buluu. Sweta aliyoshonewa na shangazi yake. Alizipanga vizuri, bila haraka, kama mtu anayejua hazitatoka hapo tena. Nilisimama mlangoni. Amou akaja akauliza kuna nini, binti si ana sita? Nikafungua mdomo nimwambie ni njama za ofisi, ukabila, siasa, chochote. Havikutoka. Nikamwambia yote. Mbili, wembe, chingamu.

Amou hakupiga kelele. Hamumjui Amou nyinyi, Amou asipopiga kelele ni hatari. Alisema tu, Baba Ayen, vaa viatu, uende kwa Lilly.

Kwa Lilly! Afadhali nimezwe na mamba! Nikavaa viatu. Nikafika mpaka getini kwake, nikaona taa imewaka, nikarudi. Kesho.

Jumatano, 17 Septemba

Nilimkuta kwenye kiti changu. Hakizungushi hata kidogo, anakikalia tu kama kiti cha kawaida. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, yenye lawama kidogo kwa Uganda. Yote yakanipotea. Nikasema, madam, nimemharibia mwanangu. 

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Ayen ni wangu lakini ni wake pia, kwa sababu amemfundisha, na hawezi kuacha mtoto alipie akili ya baba yake. Akafungua mtoto wa meza akatoa nakala yake ya Nane B, aliyopewa na shirika lenyewe. Sita ilikuwa pale, safi. Ila alinipa sharti: kule ofisini, nitasema mwenyewe. Tukapanda raksha moja. Njia nzima nikamweleza udhaifu wa hesabu za Uganda.

Mbele ya Emilio nilisema. Si yote. Nilisema kalamu ilivuja, na bahati mbaya ikavuja mbili. Karani akakohoa. Lilly akamgeukia mzee akamwambia mwalimu alikosea, baba akiogopa sana anakosea, karatasi ya kweli iko hapa. Emilio akazipima karatasi mbili, yenye tundu na isiyo na tundu, akasema tamam. Jina la Ayen likaandikwa mwisho wa orodha kwa mkono, na mhuri juu yake. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jenereta nikalia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nilipofika nyumbani Ayen alisikia habari, akanirukia shingoni, akaniambia asante baba. Asante! Nikakubali.

Usiku huu nimewaza kwa nini Lilly alinisaidia. Nimechambua kila upande. Jibu ni moja tu: ananiogopa.

Jumatatu, 22 Septemba

Darasa la tatu. Paa linavuja juu ya meza ya mwalimu, si kwingine. Mudira amefuta saa ya usingizi Nane A, amemrudishia Isaiah ukiranja, na Chan anakaa naye jioni kwa masomo ya ziada. Matiya anasema Chan sasa anashika kitabu sawasawa. Kila mtu na bahati yake. Mimi leo nimefundisha herufi M, chini ya mwavuli.

Jumanne, 14 Oktoba

Matokeo yamefika!

Safari hii ni shirika jingine kabisa. Wiki iliyopita walikuja na saa za kupimia mbio, wakamkalisha kila mtoto wa darasa la tatu mbele ya ukurasa, wakamwambia asome kwa sauti mpaka dakika iishe, wakimfuatisha neno kwa neno kwa kalamu, wakamwandikia namba. Leo karatasi imeletwa. Wastani wa Tatu A, ya Mwalimu Nyapal: 48. Wastani wa Tatu B, yangu: 7.

SABA! Mtu asiyejifunza kutokana na makosa angekaa chini akalia. Mimi nimejifunza. Na si saba tu. Nina watoto, tena si haba, waliopata sifuri. Sifuri! Uganda nzima, na hesabu zao zote, hawajawahi kushuka chini ya nne! Sitaki hata kufikiria nimefundishaje mpaka tukafika huku.

Maskini Nyapal. Alinikuta nacheka kwenye korido akaniuliza kama nimeyasoma vizuri. Nikamwambia kwa upole kwamba arobaini na nane inaweza kumpata mtu yeyote, na kama atahitaji msaada, mlango wangu uko wazi. Alibaki ananitazama. Mshtuko, nadhani.

Barua kwa Mkaguzi Emilio nimeshaiandika. Napendekeza kwamba darasa la tatu linaloongoza, mwalimu wake apandishwe awe naibu mudir, na linaloshindwa, mwalimu wake aende chekechea. Bila rufaa. Kesho alfajiri naipeleka mwenyewe, nimkute kabla mtu mwingine hajaongea naye. Manila nimenunua.

Ayen aliniona nachora, akaomba aitazame karatasi kidogo tu. Nikamwambia aende akasome vitabu vyake, mambo ya takwimu amwachie baba.